Sweta Lililouzwa Mlingotini

Karani Vowles aliisoma orodha ya mabaharia akiwa amesimama kwenye ngazi ya juu kabisa, kisigino kimoja tayari kipo ndani ya mlango, kama mtu anayejua kwamba habari alizobeba zinaweza kumlazimisha arudi ndani mbio. Chini yake, uani kwa mwenye meli, walisimama wanawake kumi na watatu na watoto wao. Meli yake, Constant Jane, ilikuwa imefunga gatini Bristol tangu Jumanne. Ilikuwa imechukua watu Bonny, ikawauza utumwani Kingston, Jamaika, ikarudi na sukari. Mabaharia waliorudi nayo walikuwa wamekwisha kwenda makwao, au kilabuni. Hawa wa uani walikuwa wake na mama wa wale wasioonekana.

"Samuel Inch," alisoma. "Bonny. Homa." Akangoja kidogo, kwa adabu. "Peter Gaunt. Bonny. Homa."

Keziah Pobjoy alimhamishia mwanawe Letty kwenye nyonga ya pili. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kazi yake kushona magunia ya sukari, na kwa miezi kumi na sita alikuwa akimngoja mumewe Amos, fundi mapipa wa meli hiyo. Mkwewe, Mama Dorcas, alikuwa amemkamata mkono kwa nguvu za mtu anayekamua nguo nzito. Kila jina lilipotajwa, mwanamke mmoja alitoka mstarini akaenda kuegemea ukuta, na waliobaki wakasogeleana.

"Giles Tovey. Kingston, tarehe mbili Mei. Katoroka." Karani akalamba kidole, akafungua karatasi ya pili. "Amos Pobjoy, fundi mapipa. Kama juu."

"Kama juu vipi?" Keziah akauliza.

"Kama aliyetangulia, Bibi. Tovey katoroka, Pobjoy naye vivyo hivyo. Hatuandiki neno lilelile mara mbili. Wino ghali."

Mama Dorcas akamwachia mkono, akainua yake yote miwili mbinguni. "Katoroka," alisema, kwa sauti iliyofika barabarani. "Mwanangu mtoro. Mungu ashukuriwe, nimezaa mtoro."

Wajane wapya walioegemea ukuta waligeuka wakamtazama. Keziah aliomba ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Ua wa tajiri ulikuwa umejengwa kwa mawe mazuri.

Karani alikuwa mtu mpole, akashuka ngazi mbili ili aseme kwa sauti ya chini. Alimweleza Keziah kwamba mfu mshahara wake hupewa mjane, na wa aliyeshushwa kwa ruhusa hupewa yule aliyemwachia karatasi ya idhini. Mtoro hana kitu. Jasho lake la miezi kumi na minne, paundi kumi na tisa na ushei, hubaki na meli. Kisha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusema yote, akapanda tena akafunga mlango.

Chumba chao kilikuwa ghorofa ya tatu, Marsh Street, juu ya chumba cha Bibi Sturge mwenye nyumba. Ukutani, pembeni ya dirisha, kilining'inia kidaftari kwa uzi. Keziah alikuwa akijifunza kusoma na kuandika Jumapili jioni kanisani, kwa dada wa muuza mishumaa, na zoezi la kwanza lilikuwa kuandika majina. Kwa vile hakuwa na majina mengi, aliandika orodha ya mabaharia wa chumba chao: Dorcas, nahodha. Letty, msaidizi wa nahodha. Keziah, mpishi. Amos, fundi mapipa, yuko baharini. Mama Dorcas hakujua hata herufi moja, lakini kila siku kabla ya chakula alitaka asomewe cheo chake, na siku ambazo mchuzi ulikuwa mwepesi alikitumia.

Siku ile alitaka asomewe mstari wa Amos. "Andika hapo, katoroka, mzima wa afya."

"Nani kasema mzima wa afya?"

"Mgonjwa hatoroki, mwanangu. Kutoroka kunataka pumzi."

Keziah akasema kwamba kunataka pia pa kwenda, na wa kwenda naye. Mtaani walikuwa wamekwisha kumtafutia huyo wa kwenda naye. Asubuhi alikuwa mjane mwenye duka la ramu, mchana amepata shamba, na kufika saa za jioni alikuwa na punda wanne na meno yote. Wanawake waliokuwa wakishona magunia pamoja na Keziah walimuuliza kama Amos atatuma embe. Alicheka nao. Kucheka kulimgharimu sindano mbili, alizivunja.

Mwoka mikate, aliyekuwa akimwandikia deni tangu Letty hajaota jino, alimwekea mkate mezani na kuuwekea mkono juu. Mke wa mtoro hulipa kwanza, alimwambia, na akaomba asimwelewe vibaya, ni utaratibu tu. Keziah alirudi na nusu mkate, ile nusu ya chini, iliyoungua.

Lakini Bibi Sturge ndiye aliyemweza. Alimkuta ngazini na ndoo ya maji, akampisha, akamshika bega kwa huruma ya kweli. "Angekufa tu, maskini, sasa hivi ungekuwa na paundi zako kumi na tisa mkononi. Wanaume hawana hata adabu ya kufa."

Maneno hayo Keziah aliyacheka pia, mpaka alipokaa kushona. Ndipo akajikuta anazihesabu zile paundi kumi na tisa. Alilipa kodi ya miezi mitatu. Alinunua makaa ya majira ya baridi. Alimnunulia Mama Dorcas blanketi, na alipofika kwenye viatu vya Letty, vyekundu, vya kamba, aligundua kwamba Amos amekwisha kumzika, na alikuwa amemzika kabla ya kununua makaa. Akaiweka sindano chini.

"Usimwombee mwanangu mabaya," Mama Dorcas alisema kutoka kitandani, bila kugeuka.

"Sijafungua mdomo, mama."

"Najua. Ningekuwa na wasiwasi kidogo kama ungekuwa unaongea."

Siku ya tatu Keziah alikwenda kuchota maji bombani. Mbele yake kwenye foleni alisimama baharia mnene mwenye shingo nyekundu, na baharia huyo alikuwa amevaa sweta.

Sweta hilo halikuwa na ndugu duniani. Ndilo la kwanza na la mwisho Keziah alilopata kufuma. Mkono wa kulia aliufuma akiwa na mimba ya Letty. Mkono wa kushoto aliufuma baada ya kujifungua, mtoto yuko titini, hesabu ya mishono imempotea kabisa, na ukaenda ukaenda mpaka ukapita wa kwanza kwa upana wa kiganja. Rangi ya buluu ilimwishia shingoni, akamalizia kwa manjano ya haradali. Mtaa mzima ulipanda ghorofa ya tatu kuja kulitazama. Amos alilivaa papo hapo, akasema mkono ule mrefu ni wa kufichia biskuti za nahodha, akaondoka nalo siku ya jua kali, anatokwa jasho, anapunga mkono mrefu mpaka meli ikakata kona ya mto.

Keziah aliushika mkono huo kwa nyuma. "Vua."

Baharia aligeuka polepole. "Bibi, mimi nina mke."

"Vua sweta la mume wangu."

"Hili? Hili nimelinunua kwa halali. Nimelinunua mlingotini."

Mkono wa Keziah uliachia wenyewe. Mtoto yeyote wa Marsh Street alijua maana ya kitu kuuzwa mlingotini. Baharia akifa safarini, sanduku lake hufunguliwa chini ya mlingoti mkuu, na vitu vyake hunadiwa kimoja kimoja, na wenzake hununua shati bovu kwa bei ya shati jipya ili mjane apate chochote. Akakaa ukingoni mwa birika la farasi. Maji yaliingia kwenye sketi yake na hakuyasikia. Aliwaza kwamba viatu vile vyekundu ndivyo vilivyomuua.

"Jamani, nani kafa?" baharia aliuliza. Alichuchumaa mbele yake kwa taabu, tumbo likimzuia. Jina lake lilikuwa Edward Chubb, Ned kwa wenzake. "Pobjoy aliniuzia mwenyewe. Kasimama hapo mlingotini kwa miguu yake, macho yamevimba kama mayai, hamwoni hata anayepandisha bei, na bado anasifia bidhaa. Alituambia sweta hili limefumwa na mwanamke mwenye kipaji ambacho dunia haijakifikia."

Keziah alicheka na kulia kwa pamoja, na Chubb, akiona hajaharibu, akamweleza yote. Ugonjwa wa macho ulianzia kule chini, kwenye giza walikofungiwa wale watu wa Bonny, ukapanda juu kwa mabaharia, na Amos aliyekuwa akishuka kila siku na mapipa ya maji hakuukwepa. Kufika Kingston, watu wakishauzwa, nahodha Rudge hakuhitaji tena mabaharia wengi. Meli ya sukari husukumwa na nusu yao. Aliwaambia wagonjwa washuke wakapone. Amos, akijua anashuka bila mshahara, aliuza alichokuwa nacho. Baharini hakuna mwenye fedha taslimu, kwa hiyo nahodha alimpa shilingi kumi za Jamaika, na deni la kila mnunuzi akaliandika kitabuni, alikate Bristol.

"Ilikuwa tarehe ngapi?"

"Tisa Mei. Siku yangu ya kuzaliwa. Nilijinunulia zawadi."

"Orodha inasema alitoroka tarehe mbili."

Chubb alifikiri. Kufikiri kulimchukua muda na kulionekana usoni. "Basi kaniuzia mzimu," alisema.

"Malipo yenu lini?"

"Kesho."

"Utakwenda umevaa sweta hilo."

"Bibi, ni Julai."

"Utalivaa," Keziah alisema, na kumwachia amtangulie kuchota.

Mlinzi wa ofisi ya mwenye meli aliwaambia wanawake hungoja uani. Mama Dorcas alikubali, akageuka, akakanyaga kizingiti, na hapo hapo miguu ikamwishia nguvu. Aliketi katikati ya mlango na Letty mapajani. Hakulia wala hakulalamika. Aliomba tu asisogezwe, ana nyonga. Mlango haukuweza kufungwa tena asubuhi ile, na Keziah alisimama nyuma yake akisikia kila neno lililosemwa ndani, mkononi ameshika karatasi ya idhini ya Amos. Chini ya karatasi hiyo Amos hakuweka msalaba kama wengine. Alikuwa amechora duara, pete ya pipa.

Ndani, karani Vowles alikaa nyuma ya meza na vitabu viwili: orodha ya mabaharia na kitabu cha mishahara. Nahodha Rudge alikaa dirishani, mguu juu ya mguu, akinusa tumbaku. Mabaharia walijipanga ukutani, na wa kwanza alikuwa Chubb, anachuruzika jasho.

"Edward Chubb," karani alisoma. "Toa malipo ya awali. Toa peni sita kila mwezi, za hospitali ya mabaharia. Toa tumbaku. Toa sweta moja, la Pobjoy, tarehe tisa Mei, shilingi tatu."

"Samahani, Bwana," Keziah alisema kutoka mlangoni. "Hilo la mwisho, naomba ulirudie."

Karani alikuwa mtu wa kurudia akiombwa vizuri. Akalirudia. Nahodha akasema mwanamke huyo atolewe, na mlinzi akamtazama Mama Dorcas pale chini, akaona hana pa kupitia.

Akaitwa wa pili. Toa wembe mmoja, wa Pobjoy, tarehe tisa Mei, shilingi moja. Akaitwa wa tatu. Toa suruali, ya Pobjoy, tarehe tisa Mei. Mabaharia wakaanza kucheka chini chini. Wa nne alikuwa na kiko cha Pobjoy, wa tano mto wake, wa sita kofia na soksi tatu. Walipofika kwenye chupi hakuna aliyekubali kwamba ni yeye, na karani ilimbidi asome jina mara mbili. Amos Pobjoy alikuwa amevuliwa nguo zote mbele ya ofisi nzima, na kila nguo ilikuwa na tarehe yake.

"Bwana Vowles," Keziah alisema, "kitabu kimoja kinasema mume wangu alitoroka tarehe mbili. Kingine kinasema tarehe tisa alikuwa kwenye meli anauza soksi. Mimi nimejifunza kusoma juzi tu. Nisaidie, nisome kipi?"

Karani aliviweka vitabu sambamba. Akavitazama kwa uchungu, kama mzazi aliyesikia wanawe wamepigana hadharani.

Nahodha hakushituka. Alisema ni kosa dogo, hayo makato ya Pobjoy yafutwe, watu warudishiwe shilingi zao, mambo yaishe. Mabaharia walilipenda wazo hilo. Jumla yake ilikuwa shilingi ishirini na mbili, na nahodha alikuwa tayari ameingiza mkono mfukoni.

"Basi hili joto nililovaa ni la nani?" Chubb aliuliza. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, na mmoja ukaishia kwenye kifundo, wa pili ukafunika vidole vyote na kuning'inia.

Kicheko kilijaa chumba. Keziah aliingia, akimruka mkwewe, akasimama kando ya Chubb. Alisema mikono hiyo ameifuma yeye, kabla na baada ya kumzaa yule mtoto pale mlangoni, na kwamba mtu yeyote wa Marsh Street ataapa mbele ya hakimu, maana wote walikuja kuicheka. Karani alichukua rula. Alitoka nyuma ya meza, akapima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akaandika pembeni.

"Inchi nne na robo," alisema. Halafu, akiwa bado ameinamia rula yake, akaongeza kwa sauti ya chini: "Nahodha, orodha hii imeapiwa forodhani. Orodha ya uongo ina faini, Bwana. Paundi ishirini."

"Na fundi mapipa anadai ngapi?"

"Kumi na tisa na shilingi nne."

Nahodha alitazama dari kwa muda ule unaohitajika kutoa kumi na tisa na shilingi nne kwenye ishirini.

"Karani wangu kateleza," nahodha alisema, akisimama na kujifuta tumbaku. "Ile alama ya kama-juu ameishusha mstari mmoja zaidi. Kila mtu hukosea. Mlipeni."

Wote walimgeukia Vowles. Keziah alikuwa karibu na meza sasa na aliweza kuona. Mwandiko wa kitabu cha mishahara na wa orodha ulikuwa mmoja, ule wa baharini, mkubwa, umelala kama majani yaliyokanyagwa. Mwandiko wa Vowles ulikuwa pale pembeni, penye inchi nne na robo, mdogo na umesimama wima. Karani aliiweka rula mezani. "Nimeteleza, Bwana," alisema, na masikio yakamwiva. Keziah aliujua uso ule. Ndio aliokuwa nao yeye kwa mwoka mikate.

Nahodha alipotoka, karani alichovya kalamu. Alizikata zile alama mbili za kama-juu, na juu yake akaandika yote kwa kirefu, Alishushwa Kingston akiwa mgonjwa, tarehe kumi Mei, bila kufupisha neno lolote, na wino alioutumia ulikuwa mwingi kuliko ilivyohitajika.

Wakingoja ukauke, Keziah aliendelea kusoma kwenda chini, kidole kikimwongoza, kama alivyofundishwa. Yalikuwa majina thelathini na manne. Chini ya jina la mwisho kulikuwa na mstari mmoja: Bonny, 310. Kingston, 262.

"Hii ni nini?"

"Shehena, Bibi," karani alisema. "Ni kwa ajili ya daktari wa meli. Hupewa shilingi moja kwa kila kichwa kilichofika."

"Majina yao yako kwenye kitabu gani?"

Karani alifungua mdomo amjibu, maana alizoea kujua kila kitu kiko kwenye kitabu gani. Aligeuka akatazama rafu nyuma yake, vitabu vyake vyote, migongo imepangwa sawasawa. 

"Hakuna kitabu," alisema.

Keziah alikuwa hajafika kwenye kutoa kwa mamia, lakini alifanya hivyo kwa vidole, taratibu, na jibu lilikuwa arobaini na wanane. Samuel Inch aliandikiwa homa. Hata Amos aliandikiwa alama mbili. Mabaharia waliocheka suruali walikuwa sasa wanatazama viatu vyao, na Chubb aliuvuta ule mkono mrefu, akauficha mkono wake wote ndani.

Alipoambiwa atie alama, Keziah aliandika jina, Keziah Pobjoy, herufi zote, na hakuna aliyemharakisha. Fedha alizichukua. Letty alikuwa ameota meno kumi na yalitaka kazi. Lakini njiani alikuwa akizishika ndani ya aproni kwa mikono miwili, na Mama Dorcas, ambaye nyonga ilikuwa imepona ghafla, alimuuliza mara mbili kama ni nzito sana. Akasema zilizo nzito si hizo.

Kwa mwoka mikate alilipa kwanza. Alilipa kabla hajaombwa, kwa sarafu ndogo kuliko zote, akizihesabu moja moja huku foleni ikirefuka, na akaomba asimwelewe vibaya, ni utaratibu tu.

Chubb alilirudisha sweta Jumapili. Alikataa shilingi zake tatu. Alisema mkono ule umeingia kwenye supu yake mara nne, na afadhali baridi. Keziah alilitundika msumarini karibu na mlango. Bibi Sturge alipanda kulitazama upya, akasema kwa kweli ukilizoea si baya, na kuhusu yale aliyoyasema juu ya kufa hakusema kitu, ila kodi ya wiki ile alisahau kuidai mpaka Jumatano.

Barua ya kwenda Kingston ilimchukua Keziah Jumapili tatu. Ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Jibu lilifika Januari, limepakwa lami ya meli iliyolileta. Mama Dorcas alikaa kitandani na Letty, Bibi Sturge akaanza kufagia ngazi mlangoni kwao, na Keziah akasoma.

"Mke wangu. Seremala mmoja wa hapa ndiye anayeniandikia. Jicho la kulia limepona. La kushoto limekataa, usimwambie mama."

"Nimesikia," Mama Dorcas alisema. "Endelea."

"Waliponishusha nililala gatini siku tano chini ya pipa. Pipa lenyewe lilikuwa limefungwa vibaya, nililipapasa, nikasikia haya kufia chini ya kitu kama kile. Akaja mwanamke muuza uji, anaitwa Phibba. Ni mtumwa wa mtu. Alininyanyua akanipeleka kwake, na siku moja aliyonayo ya kupumzika aliitumia kuniosha macho. Nilimuuliza kwa nini. Akasema aliniona napapasa kama walivyokuwa wakipapasa wao ndani ya meli, siku walipoletwa. Akaniuliza meli yangu ilikuwa ipi. Sikumjibu. Kesho yake nikamjibu. Alikaa kimya kutwa. Jioni akanipa uji, kama kawaida. Phibba ni jina alilolikuta huku. Analo la kwao, lakini hilo hagawi. Nakuja na meli ya sukari, mwezi wa tatu. Za Bonny sipandi tena, hata wakininyima mapipa Bristol nzima."

Chini kulikuwa na duara, limepinda kidogo upande wa kushoto.

Ufagio ulikuwa umenyamaza kule ngazini. Mama Dorcas alimfuta Letty pua isiyokuwa na kitu. Baadaye akasema, kwa ukali, kwamba orodha ya chumba haijarekebishwa tangu Julai, na nahodha anataka kujua mabaharia wake wako wapi.

Keziah alikishusha kidaftari. Mstari wa Amos aliuandika upya: fundi mapipa, jicho moja, Kingston, atarudi mwezi wa tatu. Kisha akaanza mstari mwingine chini yake, Phibba, na akasimamisha kalamu.

"Cheo?" Mama Dorcas aliuliza.

"Daktari."

"Mwandike daktari. Yuko wapi?"

"Kingston."

"Si ndiko aliko Amos? Weka vile vialama vya kama juu, uokoe wino."

Keziah hakuviweka. Aliandika Kingston yote, herufi kwa herufi, ulimi nje kama mtoto. Halafu akarudi nyuma ya jina la Phibba, pale alipokuwa ameacha nafasi, akaipima kwa kidole, akaridhika kwamba inatosha jina lingine, hata likiwa refu.

Mama Dorcas hakujua kusoma, lakini patupu alipaona. "Na hapo mbona hujajaza?"

"Hapo pana mwenyewe, mama," Keziah alisema, akaupuliza wino ukauke.